Lugha Haitambuliki

Mzee wa ghala alikataa chai kwa mara ya pili. Alikisogeza kikombe pembeni kwa ncha ya kidole, kana kwamba nacho ni kielelezo.

"Sijauza kitu," alisema.

"Rudia," alisema Mpelelezi.

"Sijauza kitu, afande."

Askari wa kituo kile walimwita Mpelelezi kwa jina la Rudia, nyuma ya mgongo wake na siku nyingine mbele ya uso wake. Neno hilo alilitumia zaidi kuliko salamu. Aliamini kwamba mwongo kila anaporudia hubadilisha kitu kidogo, na msema kweli habadilishi. Mzee huyu, tangu walipomtia mahabusu jana asubuhi, hakuwa amebadilisha hata pumzi.

Mezani palikuwa na kielelezo kimoja tu: kasha la plastiki la kanda ya kaseti, tupu. Mlinzi wa geti la maktaba ya sauti alilikuta ndani ya mfuko wa mzee alipokuwa akitoka kazini. Ubavuni paliandikwa kwa kalamu ya wino: Wimbo wa kusaga, mwanamke wa bondeni.

Mwanamke huyo alikuwa amefariki mapema mwaka ule. Binti yake, mshonaji wa sare za shule, alifunga safari kwenda maktaba kuisikia sauti ya mama yake, akaambiwa hakuna kitu kama hicho. Wakatafuta tena. Wakagundua kwamba rekodi zote za watu wa bondeni, zaidi ya arobaini, hazimo kwenye kompyuta na wala kanda zake hazimo ghalani. Bonde lenyewe lilikwisha kufunikwa na maji ya bwawa miaka mingi iliyopita, na watu wake wakatawanyika. Binti akaja kituoni kushtaki. Tangu jana alikuwa amekaa kwenye benchi la mapokezi na mkoba wake mapajani.

"Mzee wangu, nisikilize vizuri," alisema Mpelelezi. "Mchana huu faili lako linakwenda kwa mwendesha mashtaka. Likishatoka mikononi mwangu, siwezi tena kukusaidia. Kazi umepoteza, na gerezani utalala. Niambie kanda ziko wapi."

Mzee alitazama kasha.

"Jana nilifika kwako. Mkeo alisema hajui habari za kanda."

Mzee aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Ulimwambia nini?"

"Kwamba leo narudi na hati ya upekuzi. Na kwamba nikikuta hata kanda moja ndani ya nyumba ile, mumewe hatoki."

Mzee aliangalia mikono yake. Midomo ilifunguka, ikafungika.

"Ulitaka kusema nini?"

"Hakuna, afande."

Nje ya mlango, Sajini alikuwa akitabasamu. Alikuwa mtu wa mzaha, tumbo lake likitangulia kila alikokwenda. "Umemgusa penye kidonda, bosi. Ameshikwa pabaya huyu."

"Labda." Mpelelezi alikuwa akigeuza kasha mikononi. "Kanda anaweza kuwa ameziiba. Lakini zile za kwenye kompyuta, nani kazifuta? Umeiona simu yake?"

"Ya vitufe. Tochi ndiyo kitu cha kisasa pekee humo."

"Basi kuna mwenzake. Mtu mwenye nywila. Washa gari."

Fundi wa mifumo wa maktaba ya sauti alifanya kazi katika chumba chenye baridi, amevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine. Alikuwa mtu mzima mwenye miwani, mwepesi wa kuongea, na alipoona askari alianza kujibu kabla hajaulizwa.

"Mimi sikufuta kitu, afande."

"Nani alifuta?"

"Hakuna mtu."

"Rudia."

"Hakuna mtu. Zilifutwa na mfumo wenyewe. Angalia hapa, kila faili likifutwa panabaki jina la aliyefuta. Hapa hakuna jina."

"Huyo Mfumo anakaa wapi?" aliuliza Sajini. "Tukamchukue."

Fundi hakucheka. Mpelelezi alivuta kiti akaketi karibu naye, magoti yao yakikaribia kugusana. Hivyo ndivyo alivyokaa na watu aliowashuku.

"Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu. Mfumo unafutaje bila kutumwa?"

Fundi alivua miwani, akaifuta kwa sweta ya juu. Kila rekodi, alisema, ina maelezo yake: nani anaongea, wapi, lini, kwa lugha gani. Wao huyaita metadata. Lugha haiandikwi kwa jina, kwa sababu lugha moja huitwa majina matano. Inaandikwa kwa herufi tatu zilizokubaliwa dunia nzima. Kiswahili ni swa. Nyingine hivyo hivyo. Alipoajiriwa alikuta maelezo yamevurugika vibaya, kila mtu ameandika kivyake, na mtu akitafuta nyimbo za lugha fulani anapata nusu tu.

"Nikaandika skripti, programu ndogo. Inapita rekodi zote, moja baada ya nyingine, inasoma zile herufi tatu na kuzilinganisha na orodha rasmi ya kiwango. Zikiwemo, inaendelea. Zisipokuwemo, inaitoa rekodi kwenye rafu kuu na kuitupa karantini, ingoje mtu aje kurekebisha."

"Na mtu asipokuja?"

"Muda wake ukiisha, inafutwa." Alisema kwa sauti ya chini kidogo. "Hatuna nafasi, afande. Karantini ilikuwa inajaa takataka."

"Nani anaarifiwa kwamba kuna kitu karantini?"

"Mkatalogi, yule anayeandika maelezo ya rekodi. Barua pepe inakwenda kwake yenyewe."

"Nataka kuonana naye."

"Alistaafu."

"Kabla ya skripti yako, au baada?"

Fundi alivaa miwani. "Kabla."

Sajini aliguna. Mpelelezi alisogeza kiti karibu na skrini. Aliomba aonyeshwe kila kilichofutwa, tangu siku ya kwanza. Mistari ikapita kwenye skrini, na kila mmoja uliishia kwa maneno yale yale: lugha haitambuliki. Alisoma kidole kikiwa kwenye kioo, polepole, mpaka Sajini akaanza kuhesabu vigae vya dari.

"Hawa wa juu waliandika nini?" aliuliza.

"Saw, badala ya swa. Huyu kaandika kis. Huyu kaweka nafasi katikati. Makosa tu. Watu wa zamani waliandika ovyo."

"Na wa bondeni?"

Fundi aliteremsha ukurasa. "Qab."

"Wote?"

"Wote. Hakuna lugha ya qab kwenye orodha. Nayo ni makosa."

"Rudia."

"Ni makosa, afande."

"Hapana." Mpelelezi alitoa kidole kwenye kioo. Kiliacha alama. "Mtu akikosea, kila mara anakosea kwa namna yake. Angalia hawa wa juu, hakuna wawili wanaofanana. Huyu ameandika qab zaidi ya mara arobaini, hajateleza hata mara moja. Huyu hakukosea. Huyu aliamua. Mpigie simu."

Mkatalogi mstaafu alipokea akiwa jikoni. Walisikia kifuniko kikianguka, kisha sauti ya bibi aliyezoea kuwanyamazisha watu.

"Nani kakwambia ni makosa?"

"Ni mimi, mama," alisema fundi. "Haimo kwenye orodha."

"Imo. Kiwango chenyewe kimeacha nafasi kwa lugha ambazo hazijapewa herufi zake. Kuanzia qaa hadi qtz, kila taasisi inajitumia yenyewe inavyotaka. Watu wa bondeni hawakuwa na herufi zao, hakuna aliyewahi kuwaombea. Nikawapa qab. Qaa niliifanyia majaribio." Akatulia. "Kwani imekuwaje?"

Fundi alikuwa ameshafungua orodha rasmi, ile ile ambayo skripti yake ilikuwa ikiisoma. Aliteremka hadi kwenye herufi q. Mstari ulikuwepo. Uliandikwa kwa mkato: qaa, kistari, qtz.

Alikaa akiuangalia.

"Nifafanulie," alisema Mpelelezi, ingawa sauti yake ilionyesha kwamba ameshaelewa.

"Mtu akisoma hapa anaona kuanzia hapa hadi hapa. Zaidi ya mia tano zimo ndani ya kile kistari. Skripti haijui hivyo. Yenyewe inaona neno moja refu. Inachukua qab, inauliza, je, ni sawa na neno hili? Si sawa. Basi inatupa."

"Jaribu."

"Afande, najua itakavyo..."

"Jaribu, nione kwa macho yangu."

Fundi alitengeneza rekodi ya bandia isiyo na sauti. Penye lugha akaandika qab. Akaiendesha skripti. Haikuchukua muda wa kupiga chafya. Lugha haitambuliki.

"Mistari miwili," alisema fundi. Hakuwa akimwambia mtu. "Ningeongeza mistari miwili tu, ikipanue kile kistari. Hata chakula cha mchana kisingepoa."

Kwenye simu, bibi alikuwa amesikia yote. "Nilipaswa kuacha maelezo," alisema. "Siku ya kuniaga walinikatia keki, nikala, nikaenda zangu. Nilidhani kila mtu anajua."

Mpelelezi alimshukuru, akakata simu. Kisha akauliza maswali mawili. Nakala za akiba? Fundi alitikisa kichwa: akiba huifuata rafu kuu, kinachofutwa huku baada ya muda hufutwa na kule. Na kanda zenyewe?

"Zilitakiwa kuchomwa. Mkurugenzi aliagiza kimyakimya, baada ya kuziingiza zote kwenye kompyuta, kwa sababu ghala lilikuwa linavuja. Mzee wa ghala ndiye aliyepewa kazi hiyo."

"Akachoma?"

"Moshi tuliuona."

Mpelelezi alitoa kasha tupu mfukoni, akalitazama. Mtu anayeiba kanda hubeba kanda. Huyu alibeba kasha. Hilo lilikuwa mbele ya macho yake tangu jana, nalo hakuliuliza swali hata moja.

"Twende," alimwambia Sajini. "Upesi."

"Kwa mkurugenzi?"

"Kwa mzee."

Ndani ya gari Sajini alijaribu mzaha kuhusu kumpiga pingu kistari. Ulikufa hewani. Mpelelezi alikuwa akipiga simu kwa mwendesha mashtaka kumwambia faili haliji.

Kituoni, alimwita binti wa mwimbaji kutoka kwenye benchi, akamwingiza chumba cha mahojiano, akamkalisha upande mmoja na mzee upande wa pili. Akaeleza yote akiwa amesimama: herufi tatu, kistari, karantini. Alieleza kwa maneno machache. Mzee hakuelewa mambo ya kompyuta, lakini alielewa mwisho wake.

"Kwa hiyo kule hazipo tena," alisema.

"Hazipo."

"Hata mojawapo?"

"Hata moja, mzee wangu. Zimebaki zile usizozichoma."

Mzee alimwangalia binti, akamwangalia Mpelelezi. Kisha mabega yake yakashuka, kama mtu aliyetua mzigo bila kuulizwa kama amechoka.

"Nilichoma makasha," alisema. "Moshi uonekane. Agizo lilikuwa la mkurugenzi, nami nilikwisha kumwambia nimemaliza. Ningesema nini? Hilo kasha moja lilidondokea nyuma ya pipa, nikaliona juzi. Nikasema nikalivishe kanda yake. Ziko nyumbani. Chini ya kitanda, ndani ya sanduku la bati. Mke wangu anajua tu kwamba hazitakiwi kuguswa."

Binti alishika ukingo wa meza. "Na ya mama yangu imo?"

"Imo, mwanangu. Hiyo naijua hata gizani."

Binti alifunika uso kwa viganja, na mabega yakaanza kumtikisika. Sajini alipiga makofi mara moja, akaona aibu, akajifanya anafukuza mbu. Mpelelezi alikuwa ameshafika mlangoni. Hakuwa akitabasamu. "Ingieni garini," alisema, na alipokuwa akitia sahihi ya kumtoa mzee, kalamu ilitoboa karatasi.

Nyumba ya mzee ilikuwa vyumba viwili mwishoni mwa kichochoro. Harufu iliwapokea kabla ya mlango, harufu nzito ya plastiki iliyoungua, ile inayokaa kooni. Sajini alivuta pua, akamtazama bosi wake.

Mke wa mzee alikuwa uani akisugua sufuria. Alipomwona mumewe alinyanyuka, mikono ikitiririka povu.

"Wamekuachia?"

"Wameniachia."

"Kabisa kabisa?"

"Kabisa."

Mama yule alishusha pumzi ndefu, akajifuta mikono kwenye kanga. "Basi nilifanya la maana," alisema.

Kwenye kona ya ua palikuwa na jiko la mkaa, na juu yake karai kuukuu. Ndani ya karai kulikuwa na bonge jeusi, limeganda kama lami, na vijiskrubu vidogo vikimetameta pembezoni. Mpelelezi alilitazama bonge lile kwa muda. Alichuchumaa, akalibonyeza kwa kalamu. Lilikuwa limeshapoa tangu jana.

"Ulifanya nini, mama watoto?" aliuliza mzee. Alishajua. Aliuliza kama mtu anavyouliza jina la marehemu.

"Si afande mwenyewe alisema." Mama alimgeukia Mpelelezi, bila hasira, akitaka tu aungwe mkono. "Ulisimama hapo hapo. Ulisema ikipatikana hata moja, hatoki. Ulipoondoka nikalivuta sanduku. Nimekaa na mtu huyu maisha yangu yote, afande. Ningeacha afungwe kwa ajili ya kaseti?"

"Nilisema," alisema Mpelelezi.

"Sasa?"

"Yalikuwa maneno ya kukutisha, mama. Sikuwa na maana hiyo."

"Mimi ningejuaje?"

Mpelelezi alifungua daftari lake. Kalamu ilikaa juu ya ukurasa, isiandike, kisha akalifunga. Binti alikuwa amefika kwenye karai. Alilichukua bonge kwa mikono miwili, akaligeuza upande huu na upande ule, kama anatafuta pa kulifungulia. Masizi yalimpaka mikono ya gauni. Hakuna aliyemzuia.

"Nisamehe, mwanangu," mke wa mzee alimwambia. Sasa alikuwa ameelewa. "Sikujua zina watu ndani."

Binti alitikisa kichwa. Haikujulikana ni kwa kusamehe au kwa kukataa.

Mzee aliketi kwenye kizingiti cha mlango. Alivua kiatu kimoja, akakung'uta mchanga ambao haukuwemo, akakivaa tena.

"Usiku, mke wangu akishalala, nilikuwa nazisikiliza kwa sauti ya chini," alisema. "Kwenye redio ile ya zamani. Ya mama yako zaidi."

"Unaijua lugha yao?" aliuliza binti.

"Hata neno moja. Wewe?"

"Mimi pia sijui. Tulipohamishwa nilikuwa mdogo sana. Hakutaka nichekwe shuleni, akaacha kuniongelesha."

Sajini alikuwa amevua kofia, hakuna aliyejua lini.

"Najua tu sauti inapopanda na inaposhuka," alisema mzee. "Ningeweza... lakini si kuimba huko. Nitaharibu."

"Haribu," alisema binti.

Mzee alisafisha koo, akaanza. Sauti yake ilikuwa nyembamba na imechoka, ikipanda na kushuka kama mtu anayesukuma jiwe mbele na kulivuta nyuma. Maneno, kama yalikuwa maneno, yalimtoka yakiwa mazima, yaliyokaririwa na mtu asiyejua yanakatika wapi. Katikati akakohoa. Vikohozi viwili vikavu. Akaendelea hadi mwisho.

"Baridi ya mahabusu hiyo," alisema mkewe, akaingia ndani kumletea maji.

Mpelelezi aliinua kichwa. Alikuwa amemhoji mzee huyu jana kutwa na leo asubuhi, bega kwa bega katika chumba kidogo. Hakumsikia akikohoa hata mara moja.

"Rudia," alisema. Sauti haikuwa ile ya chumba cha mahojiano. "Rudia, mzee wangu. Tafadhali."

Mzee akaimba tena. Jiwe mbele, jiwe nyuma. Alipofika pale pale, akakohoa, viwili, vikavu, akadaka wimbo palepale alipouachia. Hakubadilisha kitu.

Bonge lilimtoka binti mikononi.

"Ni unga," alisema. "Unga ulikuwa unampalia. Alikohoa hivyo hivyo, na mkono hauachi kusaga."

Mzee alishangaa. "Mimi nilidhani ndivyo wimbo ulivyo."

Mke wa mzee alitoka na kikombe cha maji, akasimama nacho. Mpelelezi alitoa simu yake, akaifungulia kinasa sauti, akaiweka juu ya sufuria iliyopinduliwa, karibu na magoti ya mzee. Alirudi nyuma hatua kadhaa, hadi ukutani, akabaki huko. Alifumbua kinywa kutoa neno lake, lakini binti alimtangulia.

"Rudia," alisema binti.

Mzee akarudia. Penye kikohozi, akakohoa.